Gharama na Ubora wa Kadi za Msamiati Katika Simu: Mtazamo Kutoka Njia ya Misafara

Anayetafuta programu ya simu ya kukariri msamiati huanza kwa kuuliza bei. Programu ya Anki, iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006, hutolewa bure kwa kompyuta. Ya simu za Android nayo ni bure, kwa juhudi za watu wanaojitolea. Ila mwenye iPhone hutakiwa kulipa dola 25 hivi za Kimarekani, yaani zaidi ya shilingi 55,000 za Tanzania. Kwa kuwa simu za Android ndizo zilizoenea zaidi nchini, mwanafunzi wa Tabora anaweza kuipata programu hiyo bila kulipa chochote isipokuwa gharama ya intaneti. Gharama halisi, basi, imo katika kadi zenyewe.

Kadi nyingi zinazogawiwa bure hutungwa na watumiaji, wala hazipitii mikononi mwa mhariri. Upande mmoja huandikwa neno, upande wa pili tafsiri moja. Kadi ya namna hiyo itafanya nini na neno tembe? Katika duka la dawa tembe ni kidonge. Kwa mfugaji ni kuku jike ambaye hajaanza kutaga. Kwihara, karibu na Tabora, tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, na ni katika tembe ya huko ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Hali kadhalika hongo, ambalo leo humaanisha rushwa, lilikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa watemi ili ipite katika nchi zao. Msomaji aliyekaririshwa maana ya rushwa peke yake atawadhania watemi hao kuwa wala rushwa, na simu itaendelea kumpongeza kila anapojibu hivyo.

Kanuni yenyewe ya kurudia neno kwa vipindi vinavyorefuka haina kasoro. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 jinsi kumbukumbu inavyofifia, na jinsi marudio yaliyoachiana nafasi yanavyoihifadhi. Lakini urudiaji haukuanzia maabara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita kati ya pwani, Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walikieneza Kiswahili bara pasipo kitabu wala darasa. Neno la mzigo, la maji au la hongo liliwarudia kambi baada ya kambi, na kila liliporudi lilikuja na watu wengine na haja nyingine. Programu za simu zimechukua vipindi hivyo, zikaacha tukio.

Hasara hiyo humwangukia zaidi mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye baada ya kusoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukabiliwa na istilahi za Kiingereza karibu katika kila somo. Kadi za Kiswahili zilizopo humlenga zaidi mgeni anayejifunza Kiswahili kuliko yeye. Tena si lazima awe na simu. Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 namna ya kupanga kadi za karatasi katika kisanduku chenye vyumba: kadi iliyojibiwa sawa husogea mbele na kusubiri zaidi, iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza. Karatasi ya manila na boksi tupu la viatu vyatosha, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Kinachohitaji fedha ni muda wa mtu anayejua kutunga kadi: kuonyesha ngeli na wingi wa nomino, kutenga maana moja kwa kila kadi, na kuweka kila maana ndani ya sentensi yake. Kazi hiyo haipaswi kuachiwa mpita njia. Idara za Kiswahili zina wanaleksikografia na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Tembe peke yake ingehitaji kadi tatu.