Huwezi kudai kichwa cha Otenyo ukainyamazia Gaza

Sikukuu ya Mashujaa ikikaribia, jina la Otenyo Nyamaterere hurudi midomoni mwa viongozi wa Kisii na Nyamira. Hutajwa majukwaani, na waheshimiwa huitaka Uingereza irudishe kichwa ambacho wazee wanasema kilikatwa na kupelekwa London. Dai hilo ni la haki na gazeti hili linaliunga mkono. Lakini waulize waheshimiwa hao hao kuhusu Palestina: watakwambia hayo ni mambo ya Waarabu na Wayahudi, sisi tuna shida zetu. Msimamo huo hauna mashiko, na tunausema ukweli huo bila kuuma maneno.

Tuanze na yaliyotokea, maana wengi wanaompigia Otenyo makofi hawayajui. Septemba 1905 kikosi cha polisi na wanajeshi wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kilipanda milima ya Gusii kikiwa na bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Wagusii walikikabili kwa mikuki na ngao. Robert Foran, ofisa wa polisi wa wakati huo, aliandika baadaye kwamba rashasha hiyo ilifyatuliwa mfululizo hadi chuma chake kikakaribia kuwa chekundu kwa joto, na mamia ya wapiganaji, wafu kwa majeruhi, wakalundikana mbele ya askari. Foran hakuwa mtetezi wa Mwafrika, lakini hata yeye alikiri kuwa yale hayakuwa mapigano. Yalikuwa machinjo.

Miaka miwili na ushei ikapita. Januari 1908, Moraa Ng'iti, mganga na mtabiri aliyekuwa akiwasuta wanaume kwa kukaa kimya, alimtia Otenyo hamasa, naye akamvizia G.A.S. Northcote, ofisa wa wilaya ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti, akamchoma mkuki. Northcote alipona, akapanda ngazi hadi kuwa gavana wa Hong Kong. Otenyo hakupona. Nyumba zilitiwa moto, ng'ombe zaidi ya 5,000 wakaswagwa, na waliouawa, kwa hesabu ya wanajeshi wenyewe, hawakupungua 100. Naibu waziri wa makoloni huko London aliposoma taarifa hizo alichukizwa, akahoji kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua kwa wingi namna ile watu wasio na cha kujikinga. Aliitwa Winston Churchill.

Msomaji asilisahau jina hilo. Mwaka 1922 Churchill, sasa akiwa waziri kamili wa makoloni, ndiye aliyetoa waraka wa sera ya Uingereza kuhusu Palestina, waraka uliothibitisha ahadi ya makao ya Wayahudi huko Palestina, iliyotolewa na Arthur Balfour Novemba 1917. Na Balfour ni nani kwetu? Ndiye aliyekuwa waziri mkuu wakati rashasha ya 1905 ilipokuwa ikipandishwa milimani Gusii. Chini ya serikali yake, mwaka 1903, waziri wa makoloni Joseph Chamberlain aliwatolea Wazayuni ardhi ya Uasin Gishu wakaifanye makao yao. Hakuna Mnandi wala Mmaasai aliyeulizwa. Mkutano wa Wazayuni uliikataa ofa hiyo mwaka 1905 kwa kuwa wengi wao walitaka Palestina, wala si kwa sababu London iliona haya. Miaka kumi na miwili baadaye ilikuwa zamu ya ardhi ya mkulima wa Jaffa na Nablus kugawiwa wengine bila yeye kuulizwa.

Kuna na Richard Meinertzhagen. Wanandi wanamjua: ndiye aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei Oktoba 1905, kwenye kikao kilichoitishwa kwa jina la amani. Mwaka 1919 alikuwa Palestina, ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza, tena mtetezi mkali wa Uzayuni. Anayesema Palestina haituhusu atueleze ni kwa nini watu hawa walikuwa wakihama huku na huko kana kwamba nchi hizi mbili ni vyumba vya nyumba moja.

Mbinu pia walihama nazo. Kumlipiza mtu mmoja kwa kuadhibu kijiji kizima, kubomoa nyumba, kutwaa mifugo: Mgusii aliyaona mwaka 1908, akayaona tena baada ya Septemba 1914, Wajerumani walipovamia Kisii, Waingereza wakaliacha boma, na wenyeji wakalipora. Mkulima wa Kipalestina aliyaona katika uasi wa 1936 hadi 1939. Mwaka 1937 Waingereza waliwapeleka baadhi ya viongozi wa Kipalestina uhamishoni Ushelisheli, visiwa vile vile walikokuwa wamefungiwa wafalme Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Wafuasi wa dini ya Mumbo, waliowaambia Wagusii na Waluo kwamba Mzungu atatoweka na kodi yake, viongozi wao walitupwa Lamu. Hiyo Mumbo leo hufundishwa, ikifundishwa, kama kichekesho cha watu walioabudu nyoka wa ziwani. Serikali ya kikoloni haikucheka. Iliipiga marufuku.

Ila kuna namna ya kuisoma historia hii ambayo wanasiasa wetu wanaikwepa zaidi, nayo ni ile ya wasoshalisti. Ghassan Kanafani, mwandishi wa riwaya wa Kipalestina na msemaji wa chama cha PFLP, aliuawa Beirut Julai 1972 kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake. Chama chake kilikuwa na damu ya raia mikononi na hatulifichi hilo. Lakini uchambuzi wake wa uasi wa 1936 haujachuja. Kanafani hakuishia kuwalaani Waingereza na Wazayuni. Aliwageukia mabwanyenye wa Kipalestina walioongoza mapambano huku wakilinda mali zao, na wafalme wa Kiarabu waliowasihi watu wasitishe mgomo uliokuwa umedumu miezi sita. Mkulima alibeba bunduki, mkulima akalipa faini, na wakubwa wakazungumza kwa niaba yake.

Nyamira ilikuwa na mtu aliyeuliza maswali ya aina hiyo. George Anyona aliingia bungeni mwaka 1974 kwa tiketi ya Kitutu Mashariki. Mwaka 1977 alikamatwa na kutiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Kosa lake lilikuwa kutokoma kudai majibu kuhusu fedha za umma. Alitoka mwishoni mwa 1978. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga walitaka kuunda chama cha kisoshalisti. Chama hakikuzaliwa: Anyona alirudishwa kizuizini, na Juni mwaka huo Bunge likaibadilisha Katiba ili KANU iwe chama pekee kisheria. Mwaka 1990 alikamatwa tena pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu, wakahukumiwa miaka saba kwa uchochezi. Alifariki mwaka 2003 katika ajali ya barabarani.

Kumfunga mtu bila kesi, kwa saini ya mkubwa, ni urithi wa mkoloni. Kenya huru iliutumia dhidi ya mwana wa Nyamira, na Israel inautumia hadi leo dhidi ya Wapalestina, mzizi wake ukiwa kanuni za hali ya hatari ambazo Waingereza waliziandika Palestina mwaka 1945. Mtu anayemsifu Anyona mazishini na majukwaani, kisha akaona kizuizi cha Mpalestina ni suala la usalama tu, hajamwelewa Anyona.

Sasa twende kwenye mashamba, maana hapo ndipo unafiki unapoonekana kwa macho. Mwishoni mwa 2023, vita vya Gaza vikiwa vimepamba moto, Wizara ya Leba ilitangaza nafasi za vibarua 1,500 wa mashambani nchini Israel, mshahara dola 1,500 kwa mwezi. Walihitajika kwa sababu maelfu ya Wathai walikuwa wameondoka baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, lililoua watu wapatao 1,200, na kwa sababu Wapalestina waliokuwa wakifanya kazi hizo walifungiwa mpaka. Kwa maneno mengine, Mkenya aliitwa ajaze pengo la mtu aliyezuiwa kwenda kazini. Miongoni mwa waliouawa Oktoba 7 walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo, basi. Hamas haikuwauliza wao ni wakoloni wa nani. Kuua wanafunzi na vibarua si ukombozi, na anayetaka tuuite hivyo asitutarajie.

Hatumlaumu kijana wa Bomachoge au Borabu anayejiandikisha. Mama yake huingia kwenye majanichai kabla umande haujakauka, anabeba kikapu hadi kituo cha kununulia, anasubiri mizani, na mwisho wa mwaka anapata bonasi ambayo kwa miaka imekuwa nyuma mno ya ile wanayolipwa wakulima wa Mlima Kenya. Kaunti ya Kisii ilihesabiwa watu 1,266,860 mwaka 2019, na shamba la familia limegawanywa hadi kijana anarithi kipande cha kujengea choo na jiko. Kijana huyo anasukumwa. Tunaowalaumu ni wanaomsukuma: serikali iliyoshindwa kusimamia sekta ya chai, ikaona ni rahisi zaidi kuuza nguvu za watoto wa mkulima huyo huyo kando ya mpaka wa Gaza.

Tunajua pingamizi litakalotoka makanisani, na tunaliheshimu. Eneo hili ni la Waadventista na Wakatoliki, tangu Nyabururu na Nyanchwa kabla ya Vita vya Kwanza, na wengi huiombea Israel wanayoisoma kwenye Biblia. Waombe. Lakini nchi iliyoundwa mwaka 1948, huku zaidi ya Wapalestina 700,000 wakipoteza makwao, ni serikali kama serikali nyingine, na serikali huulizwa maswali. Oktoba 2023 bomu liliua Wakristo waliojihifadhi katika kiwanja cha kanisa la Mtakatifu Porfirio mjini Gaza. Tangu hapo makumi ya maelfu ya watu wameuawa huko, wengi wao wanawake na watoto. Paroko au mchungaji ambaye hajawahi kuwataja Wakristo hao madhabahuni ana deni kwa waumini wake.

Hukumu yetu basi ni hii. Wenye hatia ya kwanza ni serikali za kaunti za Kisii na Nyamira. Utamaduni, maktaba na makumbusho ni kazi yao kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, hivyo wasituambie wanaisubiri Nairobi. Oktoba 20, 2020 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika Uwanja wa Gusii. Kesho yake Ikulu ndogo ya Kisii ikapokea ripoti ya BBI, mpango wa kuibadilisha Katiba, na siku nzima ya mashujaa ikawa imemezwa na siasa za urithi. Tabaka, hapa Kisii, kuna wachongaji wa mawe ambao kazi yao inafika mbali. Ndege wa amani aliyechongwa na Elkana Ong'esa amesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini mchongaji wa kawaida wa Tabaka anaamriwa na soko kuchonga twiga na kiboko, wanyama ambao hakukua nao, kwa bei ya dalali. Kaunti impe kazi ya Moraa, ya Otenyo, ya Anyona, na imlipe bei halali.

Hatia ya pili ni ya wabunge na maseneta wa Gusii. Dai la kichwa cha Otenyo walipeleke rasmi Bungeni, waliambatanishe na kumbukumbu za 1905 na 1908, waache kulipigia domo kila Oktoba. Mfalme Charles alizuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, akataja majuto, akaondoka bila kuomba radhi. Barua ya Wagusii yenye saini za wabunge wao wote ilipaswa kuwa mikononi mwake kabla hajapanda ndege. Na Wizara ya Leba ihojiwe kikaoni: kandarasi za vibarua wa Israel zinasemaje, mashamba wanayopelekwa yako kilomita ngapi kutoka Gaza, ni mawakala gani wanaolipwa kwa kila kichwa, na kijana akifa huko, ni nani anayelipa kuurudisha mwili wake nyumbani.