NANI ATASEMA "BASI"?



Zamani katika Usukuma, Mkolani ikiwamo, vijana walikusanyika jioni penye shikome, yaani moto wa mazungumzo, wakawasikiliza wazee. Hapo walijifunza lipi ni jema na lipi ni aibu. Maarifa hayo yalikuwa mali ya wote. Mtu mzima yeyote aliweza kumkanya mtoto wa yeyote, akasikilizwa.

Leo Mkolani ni sehemu ya jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Wamo wenyeji, na wamo ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara. Kila nyumba ina ukuta wake, na jirani hamjui jirani. Hatusemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema: vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu tu. Lakini twauliza: tumeweka nini mahali pa ule moto?

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilitoka Bugorora, siku ya soko, kikapinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228; waliookoka 41. Hesabu hiyo haihitaji msomi. Hatuwalaumu marehemu: walikuwa wakirudi makwao, na chombo kilikuwa ndicho hicho. Twawauliza waliokabidhiwa dhamana: je, hapakuwa na hata mmoja wa kusema "Basi", akatiiwa?

Serikali ilitangaza siku 4 za maombolezo na kuagiza wahusika wakamatwe. Lakini kanuni ya idadi ya abiria ilikuwapo kabla ya msiba, wala haikumwokoa mtu. Sheria isiyokaa mioyoni mwa watu ni maandishi ya ubaoni. Tena, mtawala amwitaye msema kweli mchochezi huwafundisha watu wote kunyamaza. Na watu waliozoea kunyamaza barazani watanyamaza hata gatini.

Basi, wanachama, tuidai Serikali vyombo vya kutosha na wasimamizi wanaowajibika. Na sisi wenyewe, katika kila tawi, tukubaliane neno moja: atakayesimama kukataza chombo kilichojaa, awe mzee, mwanamke au kijana, asiachwe peke yake. Tusimame naye, hata kama safari itatupita na samaki wetu wataoza.