Funza Hawali Hewa

Siku hizi semina ya ujasiriamali haikamiliki bila habari za funza. Mtoa mada hupanga maneno yake hivi: dagaa wamepanda bei, soya imepanda bei, mbolea ya dukani haishikiki. Funza wa nzi askari weusi hula taka, taka zimejaa kila kona na ni za bure, basi mwenye beseni na chandarua ana mgodi nyuma ya nyumba. Wanaopinga nao huwa na jibu moja tu: nzi ni nzi, watatuletea kipindupindu.

Hofu ya kipindupindu haina mashiko. Nzi huyu si yule wa chooni. Akishaota mabawa hatafuti tena chakula. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa funza, na baada ya wiki moja au mbili amekufa. Hana shida na sahani ya mtu. Tena funza wake wakishajaa kwenye taka, nzi wa kawaida hukwepa kutaga hapo. Kwa hiyo si upande wa waoga unaonisumbua, bali upande wa washabiki. Kibiti na delta ya Rufiji, huku pwani ya Tanzania, hazitashindwa kufuga funza kwa kukosa nzi wala kwa kukosa mafunzo. Kitakachoamua ni taka, na taka ina uzito wake, ina msimu wake, na mara nyingi ina mwenyewe.

Tuanze na uzito. Chukua mfugaji wa Bungu mwenye kuku 500 wa mayai. Kuku mmoja hula kama gramu 115 kwa siku, hivyo banda zima linataka karibu kilo 57. Akiweka dagaa sehemu moja ya kumi, anatumia karibu kilo 6 za dagaa kila siku. Funza wakavu wana protini asilimia 40 hivi, pungufu ya dagaa, kwa hiyo kuziba nafasi hiyo kunahitaji kilo 8 za funza wakavu, ambao kabla ya kuanikwa walikuwa na kilo 25 hivi. Sasa, kilo 100 za taka mbichi, mambo yakienda vizuri, hutoa kilo 15 hadi 20 za funza wabichi. Piga hesabu mwenyewe: ni kilo 125 hadi 170 za taka, kila siku ya Mungu, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili ndilo daftari ambalo semina nyingi hazilifungui.

Taka hizo zitatoka wapi? Ingia jikoni kwenye nyumba ya Salale au Mbuchi, huko deltani, uone kinachotupwa. Ukoko wanadonoa kuku. Maganda ya mihogo ni ya mbuzi. Utumbo wa samaki unagombewa na paka na bata. Makumbi na vifuu vinaingia jikoni kuwa kuni. Mama mwenye kuku kumi wa kienyeji akichukua makombo hayo awape funza, halafu awape kuku hao funza, amezungusha chakula kilekile na njiani kimepungua. Angewarushia kuku moja kwa moja.

Washabiki watanijibu kwa mfano wa Nairobi. Ni kweli, huko kazi imekwenda mbali. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya utafiti mwingi kuhusu wadudu wa chakula cha mifugo, na Kenya ilitoa viwango vya bidhaa za wadudu wakavu kwa chakula hicho mwaka 2017. Lakini Nairobi ni jiji la mamilioni, na soko moja tu linajaza lori. Huwezi kuhamisha mfano wa jiji hilo ukaupeleka kwenye kisiwa cha mikoko kinachofikiwa kwa mtumbwi, ukatarajia hesabu ileile.

Ulaya nako kuna funzo. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka 2017, na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, lakini ukakataza wadudu hao kulishwa kinyesi au makombo ya jikoni. Matokeo yake, makampuni mengi yakawa yananunua pumba. Kampuni ya Ynsect ya Ufaransa, iliyokusanya mamia ya mamilioni ya euro, mwaka 2024 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Mdudu anayelishwa pumba ambazo ng'ombe angezila mwenyewe ameongeza gharama katikati, hajaziondoa.

Katazo hilo la kinyesi lina uzito zaidi kwetu pwani. Fiqhi ya Kiislamu inamjua mnyama anayekula najisi, na inataka azuiwe na kulishwa chakula safi kabla ya kuchinjwa. Mnunuzi wa Kibiti atauliza kuku huyu amekula funza gani, na ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo hata samadi ya ng'ombe, ambayo ingeongeza kilo kwenye mizani, tuitoe kwenye hesabu. Funza wa kuku wa kula walelewe kwa matunda, mboga na mabaki ya samaki.

Hapo ndipo tunafika kwenye msimu. Kuanzia mwezi wa kumi hivi, chini ya mikorosho mabibo yanabaki pale korosho zilipong'olewa. Mengine yanakamuliwa uraka, mengi yanaoza tu. Hii kweli ni taka isiyogombewa. Lakini bibo ni maji na sukari. Beseni likilowa, funza wanapanda kingo na kutoroka, na protini ya kuwakuza ni haba. Mabibo yanahitaji kuchanganywa na pumba kavu na mabaki ya samaki au vichwa vya kamba kutoka Nyamisati. Na msimu ukipita, mbegu ya nzi inabidi ilishwe miezi yote iliyobaki, la sivyo mwakani unaanza upya.

Mbolea nayo ipimwe hivyohivyo. Tani moja ya taka huacha kama robo tani ya mbolea ya funza. Majaribio ya ICIPE kwa mahindi yalitumia tani 2.5 hadi 7.5 kwa hekta. Kwa kiwango cha chini kabisa, ekari moja inataka tani moja, yaani tani nne za taka. Kwa hiyo anayesema mbolea hii itashika nafasi ya tope la mafuriko, lililolisha mpunga na kilimo cha mlau, kile cha baada ya maji kupungua, tangu enzi, sasa kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere limesimama upande wa juu wa mto Rufiji, hajapima. Mahali pake ni bustani ya mchicha na bamia, na viriba vya miche ya mikorosho, tena baada ya kuachwa iive wiki kadhaa, maana ikiwa mbichi huunguza miche.

Ufugaji huu basi una mahali pake Kibiti, ila si nyuma ya kila nyumba. Mahali pake ni soko la Kibiti mjini na gati la Nyamisati, ambako taka zinakusanyika zenyewe na lazima mtu alipwe kuzizoa, funza wawepo wasiwepo. Hapo kikundi kikipewa kibanda na halmashauri, gharama kubwa kuliko zote, ya kukusanya taka, imeshalipwa. Kazi ya kuvuna nayo ni nyepesi: funza aliyekomaa hugeuka kahawia iliyokoza, huacha kula, hutafuta pakavu. Egemeza ubao kwenye beseni, atapanda mwenyewe na kudondoka kwenye ndoo.

Lakini kikundi hicho kisianze kwa kununua mayai ya nzi. Kianze kwa mizani: kipime taka za soko kila siku, kiangazi na masika, kiandike zipi tayari zina mtu anayezichukua. Zikitosha, nzi wapo. Zisipotosha, wanachama watakuwa wamepoteza bei ya daftari tu.