Mlango Haujui Kuhesabu

Wakulima wenzangu wa Dundori na Bahati, siku hizi kuna mlango wa kibanda cha kuku unaojifunga wenyewe jioni. Kioo chake hukusanya nguvu za jua mchana na kuziweka katika betri. Mimi nausifu, kwani anayechelewa kukamua ng'ombe hukuta kicheche amemtangulia kibandani. Lakini usinunue ule unaofuata mwanga. Wingu zito laweza kuufunga kuku wangali nje. Nunua wenye saa. Sisi tu karibu na Ikweta, na mwaka mzima jua hutua kati ya saa 12.20 na saa 1 kasoro. Uweke ufunge saa 1.15. Kisha chukua taa ukawahesabu kuku. Mimi, mwalimu wa hesabu zamani, nilipuuza. Wawili walifungiwa nje, na asubuhi nikaokota manyoya.