Ulilipa Kila Kitu. Wasini Ilipata Nini?

Wacha niseme mapema ili tusizunguke. Ile safari ya siku moja ya Wasini unayouziwa Diani kwa bei moja, basi, boti, chakula, kila kitu ndani, imepangwa vizuri sana. Imepangwa vizuri hadi unaweza kwenda Wasini, kula Wasini, kupiga picha mia tatu Wasini, kisha urudi hotelini bila kumwachia mtu wa Wasini shilingi mkononi. Na hiyo si bahati mbaya. Ndivyo biashara yenyewe ilivyojengwa.

Kwa wale hawajawahi kwenda, ratiba ni hii. Asubuhi mapema basi linapita hoteli moja baada ya nyingine kuokota watu. Wanaotoka Mombasa wanavuka Likoni kwanza. Mnashika barabara ya Lunga Lunga, mnakata kushoto kuelekea baharini, mnafika Shimoni. Hapo gatini mnahesabiwa kama mizigo, mnapewa jaketi za kuokolea, mnapanda jahazi. Mnatafuta pomboo. Mnafika Kisite, mnavaa miwani ya maji na kuangalia samaki na matumbawe. Mnarudi Wasini kula kaa na wali wa nazi. Mkibahatika, mnapelekwa kuona bustani ya matumbawe na pango la watumwa. Jioni mko hotelini, mmechomwa na jua, mko na furaha.

Ni siku tamu, sikatai. Bahari ile ni nzuri kupita maelezo. Swali langu ni moja tu: bei uliyolipa imegawanywa vipi?

Fuata pesa na mimi. Aliyekuuzia ufukweni au pale mapokezi ya hoteli amekata chake kabla hujavaa viatu. Mwenye basi ana chake. Ofisi iliyopanga safari ina chake. Ada ya hifadhi inaenda KWS, yaani serikali ya taifa. Kinachobaki ndicho kinavuka maji: kukodi boti, kulipa nahodha na mabaharia, kununua chakula. Na kama ofisi ina boti yake na hoteli yake ya kulia chakula, basi hata hicho kinarudi kwenye mfuko ule ule. Kijiji kinabaki na kibarua cha siku, tip ukikumbuka, na watoto wanaokupungia mkono.

Sasa utaniambia, "Lakini bana, hiyo ndiyo biashara kila mahali." Sawa. Ila Kisite si kila mahali, na hapa ndipo watu wengi hawajui hadithi.

Ile bahari unayoogelea ilikuwa shamba la watu. Wavuvi wa Wasini, Mkwiro na Shimoni walikuwa wanavua pale tangu enzi za mababu. Kisha miaka ya 1970 serikali ikatangaza Kisite kuwa hifadhi ya baharini, kilomita 28 za mraba, na ndani yake kuvua ni marufuku. Pembeni, kwenye Mpunguti, unaruhusiwa kuvua kwa njia za kienyeji tu. Samaki unaowaona wakubwa, wengi, wasioogopa mtu, wako vile kwa sababu kuna mtu aliambiwa usitupe nyavu hapa tena, wewe na watoto wako.

Mimi sipingi hifadhi. Bila hifadhi matumbawe yale yangekuwa kokoto saa hii. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na ahadi ndani yake, hata kama haikuandikwa: nyinyi acheni kuvua, watalii watakuja, mtapata riziki kwa njia nyingine. Mvuvi alitoa kilicho chake. Watalii kweli wamekuja. Sasa riziki ile nyingine iko wapi? Iko kwenye mgao ambao haulipwi kisiwani, unalipwa Ukunda, Mombasa na Nairobi kabla basi halijawashwa.

Na usifikiri watu wa huko wamekaa tu wakingoja msaada. Ile bustani ya matumbawe ya kale, yenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, inaendeshwa na akina mama wa Wasini wenyewe. Wanatoza ada ndogo. Kule Shimoni, pango liko mikononi mwa wanakijiji. Upande wa Kibuyuni akina mama wanalima mwani na kutengeneza sabuni. Hawa ni watu waliojiajiri zamani kabla hujaanza kusikia maneno ya utalii endelevu kwenye makongamano ya hotelini. Wanachokosa ni mteja kupewa nafasi ya kufika kwao akiwa na pesa na wakati.

Wakati ndio ugomvi wangu wa pili.

Safari hizi zinauza orodha. Kadiri orodha ilivyo ndefu, ndivyo inavyouzika. Pomboo, Kisite, kaa, bustani, pango. Mambo matano ndani ya siku moja, na humo humo kuna masaa ya barabarani. Kinachokatwa siku ikibana ni kipi? Si kaa. Si Kisite. Kinachokatwa ni bustani ya akina mama na pango la wanakijiji, yaani zile sehemu mbili ambazo pesa ingeingia moja kwa moja mkononi mwa mwenyeji. Utasikia tu, "Dakika kumi na tano jamani, dereva anangoja." Au unaambiwa kwamba bustani ni ya hiari, ukitaka ulipe mwenyewe, nawe umeshaacha pochi kwenye basi kwa sababu uliambiwa kila kitu kimelipwa.

Tena pango lile si mahali pa dakika kumi na tano. Jina Shimoni lenyewe linatoka kwenye shimo hilo. Watu walifungiwa humo wakingoja kupakiwa vyombo vya kwenda Unguja na Pemba. Wazee wanasimulia pia kwamba wenyeji walijificha humo humo wakati wa mashambulizi kutoka bara. Halafu Waingereza wakaja, Imperial British East Africa Company ikaweka kituo chake hapo hapo. Ng'ambo ya mkondo, Wavumba walikuwa na madiwani wao na lahaja yao, Kivumba, ambayo bado inazungumzwa leo. Historia ya karne nzima na zaidi iko kwenye kipande cha pwani unachoweza kukitembea kwa miguu. Sasa mtu analetwa pale akiwa na kaputula yenye maji chumvi, anasomewa sentensi nne, anapiga selfi kwenye giza, anaondoka. Kiongozi aliyetoka mbali na kukariri hizo sentensi nne hana makosa, naye ana saa mkononi. Lakini kijana wa Shimoni ambaye nyanya yake alimpa hadithi hiyo yote amekaa nje kwenye jiwe, hana kazi.

Pomboo nao wanalipia haraka hii. Ukiuza safari kwa kuahidi pomboo, lazima pomboo waonekane. Boti moja ikiwaona, nahodha anapiga simu, zinakuja nyingine. Kanuni zipo: usiwafukuze, usiwakatie njia, usiwazingire, usiruke majini katikati yao. Manahodha wengi wanazijua vizuri kuliko wewe. Lakini nahodha akizima injini na kungoja, mteja ananung'unika, na mteja akinung'unika, kesho ofisi inakodi boti nyingine. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kisite wameshaandika kwamba boti zinabadilisha mienendo yao. Huhitaji hata utafiti. Kitu kikifukuzwa kila asubuhi, siku moja kitahama. Wakihama, hiyo ofisi ya Diani itauza safari ya kwingine. Wasini haina kwingine.

Najua majibu mtakayonipa, kwa hivyo tuyachukue moja moja.

"Bila hizo kampuni hakuna mtalii angefika Shimoni." Kuna ukweli hapo. Anayetafuta mteja, kumlipia tangazo, kumjazia basi mafuta na kumrudisha salama anastahili kulipwa, tena alipwe vizuri. Lakini kuleta mteja ni kazi moja, na kumficha mteja asijue nani analipwa nini ni kazi nyingine. Hiyo ya pili ndiyo nakataa. Na si kampuni zote. Kuna zinazokodi boti za kijiji, zinazolipia bustani na pango ndani ya bei, zinazochukua kiongozi wa pale pale. Kama yako ni mojawapo, posti hii ni tangazo lako la bure. Toa hesabu watu waione.

"Boti za wenyeji si salama." Mara nyingi boti uliyopanda na kampuni ndiyo hiyo hiyo ya mwenyeji, imekodiwa tu. Uliza leseni, uliza jaketi, angalia redio, hesabu watu. Kipindi cha kusi bahari ikichafuka, nahodha akisema leo hatutoki, msikilize. Maswali haya yanafaa kwa boti yoyote, iwe na nembo ya kampuni ama imeandikwa jina la mama ya mtu ubavuni.

"Mtalii amechoka, anataka urahisi." Sawa, apewe urahisi. Risiti yenye mistari saba haimchoshi mtu.

Na hapa nageuka kwetu, maana ni rahisi kulaumu Mzungu. Desemba tunajaa SGR, tunashuka Mombasa, tunateremka Diani, halafu sisi ndio wa kwanza kupigia bei kelele. Tunamkamua kijana wa ufukweni hadi anatuuzia safari kwa bei ambayo hesabu yake haiwezi kutoka bila mtu kuumia. Unafikiri anayeumia ni mwenye basi? Ukipunguziwa elfu moja, jua imekatwa kwa baharia, kwa mpishi, ama kwa yule mama wa bustani aliyeondolewa kwenye ratiba. Halafu unaposti video ya droni na maneno matamu kuhusu kutembea Kenya yetu. Kenya ya nani, bana?

Mimi nataka mambo matatu, na hakuna hata moja la ajabu.

Kwanza, risiti iliyovunjwa. Usafiri kiasi gani, ada ya hifadhi kiasi gani, boti kiasi gani, chakula, bustani, pango, na cha kwenu ninyi ofisi. Ukiuza safari, andika. Ukinunua, dai. Muuzaji akikataa kukuonyesha, umeshapata jibu.

Pili, KWS na kaunti ya Kwale watuambie kila mwaka, kwa Kiswahili, kwenye ubao pale gatini Shimoni: wageni waliingia Kisite ni wangapi, ada ilikuwa kiasi gani, na vijiji vilivyoacha kuvua vilipata nini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema wazi kwamba jamii jirani zinapaswa kunufaika. Basi tuone manufaa yenyewe kwa tarakimu, tuache hotuba.

Tatu, wewe msomaji, ukienda, lala. Usiku mmoja tu. Wasini hakuna gari hata moja, na basi la watalii likiondoka jioni kisiwa kinarudi kuwa kisiwa. Kuna vyumba vya kulala kule, na kuna mashua za abiria zinazovuka kutoka Shimoni ambazo wenyeji wanapanda kila siku. Kula kwa mama ntilie. Lipa bustani mlangoni mwenyewe. Mchukue kijana wa pale akutembeze pangoni pole pole. Kumbuka pia kisiwa kile kimeishi vizazi na vizazi kwa maji ya mvua, kwa hivyo ukioga, oga kwa adabu. Pesa utakayotumia inaweza kuwa ile ile uliyotaka kumpa mtu wa Diani. Tofauti ni kwamba safari hii itavuka maji.

Kama hufanyi yote, fanya moja. Kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa wiki hii, muulize anayekuuzia swali hili, kwa upole tu: "Kati ya hii bei, ngapi inabaki Wasini?" Kisha hesabu sekunde atakazonyamaza.