Mshikamano wa vyuo hausubiri utajiri

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, magazeti yetu hujaa picha za watahiniwa waliobebwa juu juu na jamaa zao. Ni nadra kuona picha kutoka Dadaab au Kakuma, ilhali vijana wa kambi hizo hufuata mtaala uo huo na kuukalia mtihani uo huo. Nani atawapokea chuoni? Kwa baadhi yao jibu limekuwa likitoka Kanada, na ili kulielewa yatubidi turejee Vienna ya mwaka 1920.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha, na mji huo ulikuwa taabani. Ruth Rouse, Mwingereza aliyelitumikia Shirikisho la Wanafunzi Wakristo Ulimwenguni, aliwakuta wanafunzi wakisoma kwa njaa, katika vyumba visivyo na moto wakati wa baridi kali. Alitoa mwito wa mchango, na miongoni mwa walioitikia walikuwamo wanafunzi wa nchi zilizokuwa zikipigana na Austria miaka miwili tu kabla. Misingi ya mpango huo ilikuwa miwili. Kwanza, msaada usibague taifa, rangi wala dini. Pili, wanaosaidiwa wajisaidie: waendeshe mikahawa na karakana zao, wawe washirika katika kazi hiyo.

Katikati ya miaka ya 1920 mpango huo ukageuka shirika la kudumu lenye makao yake Geneva, na katika miaka ya 1930 likawahudumia wanafunzi waliomkimbia Hitler. Mwaka 1950 likachukua jina la World University Service, yaani Huduma ya Vyuo Vikuu Duniani, maarufu kama WUS. Upeo wake ukapanuka. Sheria ya mwaka 1959 ilipowafungia Waafrika milango ya vyuo vya wazungu kule Afrika Kusini, WUS iliwatafutia njia nyingine za kusoma. Jeshi lilipoipindua serikali ya Chile mwaka 1973, tawi la Uingereza lilisimamia ufadhili wa wakimbizi wapatao 900 wa nchi hiyo, fedha zikitoka kwa serikali ya Uingereza.

Septemba 1988, WUS ilipitisha Azimio la Lima kuhusu uhuru wa taaluma na wa vyuo kujitawala. Bara letu halikukawia: Aprili 1990 wahadhiri wa Tanzania walitoa azimio lao Dar es Salaam, na Novemba mwaka huo wasomi wa Afrika wakatoa la Kampala. Sisi Wakenya hatukuhitaji kuelezwa uzito wa maazimio hayo. Mwaka 1982 baadhi ya wahadhiri wetu walitiwa kizuizini, na wengine wakatorokea ughaibuni. Micere Mugo, aliyekuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alipokewa na chuo cha Marekani, kisha Zimbabwe. Anayedhani kwamba mkimbizi daima ni mtu wa taifa jingine na akumbuke hayo.

Ofisi ya Geneva haikudumu. Ilisambaratika katika miaka ya 1990. Zilizosalia ni kamati za nchi mbalimbali, mathalani Ujerumani, Austria na Kanada. Hapo pana funzo. Mpango wa Kanada wa kuwapokea wanafunzi wakimbizi, ulioanza mwaka 1978, umewafikisha zaidi ya watu 2,000 katika vyuo vya nchi hiyo, wengi wao kutoka kambi zetu. Nguzo yake ni mchango mdogo ambao wanafunzi wa vyuo vingi wamejitoza wenyewe kwa kura, pamoja na kamati ya wanafunzi inayompokea mgeni, kumwonyesha maktaba na kumweleza mambo ya benki.

Mpango huo hauna budi kupimwa pia. Nafasi zake ni chache mno, na humwondoa kambini kijana ambaye pengine angekuwa mwalimu bora wa wadogo zake. Lakini kasoro hizo zinatuhusu sisi zaidi kuliko Wakanada. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua bewa Dadaab, na baadaye Kenyatta na Moi vikashirikiana na vyuo vya York na British Columbia kuwasomesha walimu wa huko. Hizo ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha ilitoka Kanada.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naomba niyapime maneno. "Mfadhili" na "mfadhiliwa" huwatenga watu wawili, mmoja juu, mwingine chini. "Kushikamana" ni kitenzi kisichokubali mgawanyo huo: hakuna anayeshikamana peke yake. Nalo neno "mkimbizi" lafaa lichunguzwe. Linamtaja mtu kwa tendo la kukimbia, ilhali kijana aliyezaliwa Dadaab, kambi iliyoanzishwa mwaka 1991, hajakimbia kutoka popote. Akivuka lango la chuo ana jina jingine linalomfaa zaidi: mwanafunzi.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wanafunzi wetu wenyewe wanahangaika. Tangu mtindo mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023, malalamiko kuhusu karo hayajatulia. Pingamizi hilo ni zito, nami huwaona darasani wanaoshinda na njaa. Lakini fikiria hesabu hii. Chuo chenye wanafunzi 20,000, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa muhula, kingekusanya shilingi milioni moja. Nusu ingeweza kuwakidhi wenzao Wakenya waliokwama, na nusu kumsomesha kijana wa Kakuma au Dadaab. Uamuzi uwe wa kura ya wanafunzi, na hesabu zibandikwe hadharani kila muhula, maana sote twajua jinsi michango inavyoliwa.

Wala faida haitakuwa ya upande mmoja. Vijana hao huja na Kisomali, Kiarabu, Kifaransa na lugha za Sudan Kusini. Idara za lugha zinazolalamika kwamba hazina wazungumzaji wa kufanya nao utafiti zingewapata darasani mwao.

Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 3. Kufikia 2024, asilimia 7. Pengo hilo halitazibwa na Kanada pekee. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Viongozi wa wanafunzi wanaotafuta kura muhula huu na waulizwe: shilingi 50 hizo, mtaziunga mkono au mtazipinga?