Dawa ya Viwavi si Dawa ya Vidukari

Mama mmoja wa darasa letu alilima kunde. Vidukari, wale wadudu wadogo tuwaitao wadudu mafuta, wakaingia shambani. Walijaa chini ya majani na kwenye maua. Mama akaenda dukani, akanunua dawa ya unga. Alinyunyiza mara ya kwanza. Alinyunyiza mara ya pili. Vidukari hawakufa. Fedha zilikwisha na kunde zikanyauka.

Je, dawa ile ilikuwa mbovu? Hapana. Ilikuwa dawa ya viwavi.

Dawa hiyo hutengenezwa kwa bakteria. Bakteria ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Bakteria hawa waligunduliwa Japani mwaka 1901, katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa kwa ugonjwa. Kiwavi hula jani pamoja na bakteria. Tumbo lake huharibika, huacha kula, kisha hufa.

Kidukari hali jani. Mdomo wake ni kama sindano. Huuchoma ndani ya jani na kufyonza utomvu. Dawa iko juu ya jani, chakula chake kiko ndani. Basi dawa haifiki tumboni mwake. Ni kweli, wataalamu wamepata bakteria wengine wanaoweza kuua vidukari katika maabara. Lakini hao si wale waliomo katika dawa ya viwavi.

Wako watu wasemao, "Mkulima hana haja ya kujua hayo. Muuzaji anajua." Mimi sikubali. Muuzaji akikosea, kunde zinazokauka si zake. Pakiti ile iliandikwa "dawa ya viwavi". Mama alijua kusoma, lakini hakuna aliyemwambia kwamba pakiti nayo husomwa.

Maoni yangu ni haya. Kila darasa la kisomo lisome maandishi ya pakiti za dawa. Mwalimu ayaandike ubaoni. Kisha tujifunze kuuliza kabla ya kulipa: Dawa hii inaua mdudu gani? Inamwuaje? Inamdhuru nani mwingine? Tusipoelewa, tumwulize bwana shamba.

Na vidukari je? Tuwatafute mapema chini ya majani. Wakiwa wachache, tuwaponde kwa vidole, au tuwanyunyizie maji ya sabuni yawaguse. Tusiwaue wadudu kobe, maana wao hula vidukari.

Tumejifunza kusoma. Basi tusome kwanza, ndipo tutoe fedha.